Chumba cha Mama Ndani ya Kontena

Kabla Fundi hajamwona kwa macho, alimsikia. Alikuwa ameitwa kwenye uwanja wa makontena chakavu, nyuma ya reli, kuchomelea geti lililong'oka bawaba. Ndiyo kwanza anakunja nyaya zake aondoke, akasikia ngo, ngo, ngo. Akatazama huku na huku. Mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Sauti ilitoka ndani ya kontena la kijani lililobabuka rangi, na wala haikuwa ya mtu aliyeingiwa na hofu. Ilikuwa kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Fundi akainua komeo, akavuta mlango. Akatoka mwanamke wa makamo, jasho linamtiririka, futi kamba ya kushonea iko shingoni na pini zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikuwa anatabasamu.

"Nilimwambia mlinzi anifungie kidogo tu nitazame matundu," alisema. "Ukiwa gizani, tundu hata la sindano linajionyesha. Halina hata moja! Nalichukua hili. Wewe ndiye mwenyewe?"

Fundi alitaka kusema kwamba yeye ni mchomeleaji tu, amekuja kwa ajili ya geti. Lakini mbele ya watu asiowajua ulimi wake ulikuwa na tabia ya kuganda, na neno lililotoka lilikuwa, "Karibu."

"Nikaribie wapi tena, ndugu yangu? Si ndiyo nimetoka!" Akacheka mpaka akashika mlango asianguke.

Mtaani kwao walimwita Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyopita mbele yake bila kukaguliwa pindo lake. Hata mtu akimsimamisha njiani kumpa habari nzito, macho yake yalishuka kwanza chini ya sketi. Alishona kwenye kibaraza cha chumba cha kupanga. Mumewe alifariki binti wa pili akiwa bado ananyonya, akamwachia kiwanja kidogo kando ya njia na hakuna kitu juu yake. Mabinti walikuwa wamekua, mmoja akilala kwa shangazi yake kwa kukosa nafasi. Mama yake, aliyekuwa na miguu dhaifu, aliishi kwa kaka yake Pindo, upande wa pili wa mji.

Sasa kaka alikuwa amepata kazi mbali, safari ya kutwa nzima na zaidi, na alisema atahama na mama. Pindo aliona wazi kwamba mama akienda kule, kumwona itakuwa kwa simu tu mpaka mwisho wa uhai wake. Akamwomba abaki naye, katika nyumba atakayoitengeneza kwa kontena. Mama akajibu kwamba atakuja kuitazama hiyo nyumba ya chuma mara moja, kabla kaka hajafunga mizigo.

"Nikilala nataka niione njia, watu wakipita," alisema. "Nisipoiona, naondoka na kijana wangu. Mimi si dagaa wa kutiwa koponi."

Kujenga nyumba ya tofali lilikuwa jambo la miaka. Kontena lilikuwa jambo la wiki chache, kama fundi atapatikana. Pindo akamchukua yule yule aliyemfungulia mlango.

Ramani hakuichora kwenye karatasi. Aliichora kwa chaki ya kushonea mbele ya kibaraza chake, kwa ukubwa wake kamili: huku chumba cha mama, kinafuata jiko, kisha chumba cha mabinti, na mwisho pembe yake na cherehani. Halafu akawa anawapitisha wateja na majirani humo.

"Wewe! Hapo umepita ukutani! Rudi, zungukia mlangoni."

"Pindo, mlango uko wapi?"

"Huoni chaki? Na umekanyaga kitanda cha mama, omba radhi."

Kinyozi wa jirani alilala chini kabisa kwenye kitanda cha chaki, akasema chumba ni kizuri ila paa linavuja jua. Watu wakavunjika mbavu. Fundi alisimama pembeni na kofia yake mkononi, akicheka kwa mabega tu. Hata hivyo, kwa kutazama watu wakigongana kwenye mistari ile alijua ni wapi pa kupanua na wapi pa kubana, na Pindo alipomuuliza, alionyesha kwa mguu.

Kontena likaletwa, likapandishwa juu ya nguzo fupi za zege, na Fundi akalichomelea miguu. Akaweka bati la pili juu ya paa, limeinuliwa ili upepo upite katikati na joto lisishuke. Akakata makomeo yote ya nje, akatia kitasa cha ndani. Kuta za mbao za kutenga vyumba zikasimama. Yakabaki madirisha.

Vyumba walikuwa wamevipima ndani, sakafuni, ambako mbao zimelala sawa. Madirisha waliyapima nje, kwenye ukuta wa chuma uliokunjwa-kunjwa toka mwanzo hadi mwisho kama marinda ya sketi ya shule. Fundi alishika mwanzo wa futi kamba upande wa cherehani, Pindo akaenda nayo kuelekea chumba cha mama, wakiisogeza kila ilipoisha. Sasa mshonaji yeyote anajua kwamba rinda halirukwi. Futi inaingia ndani ya kila mkunjo na kutoka, la sivyo sketi itambana mtu. Vidole vya Pindo vikafanya vilivyozoea, vikaibonyeza futi mkunjo baada ya mkunjo. Naye Fundi muda wote alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe, kwa sababu kila alipoinua uso alikutana na macho ya Pindo, na macho yale yalimsahaulisha alichoshika.

Pindo akatia chaki. Fundi akakata. Kipande cha chuma kikaanguka kwa kishindo, mwanga ukaingia, na hapo wote wawili wakapigwa na butwaa. Dirisha la mama lilikuwa limesogea upande wa cherehani kuliko lilivyotakiwa, na ukuta wa mbao ulikuwa umesimama katikati yake kama mtu anayechungulia. Nusu ilikuwa chumbani kwa mama, nusu jikoni.

Pindo aliitazama futi kamba yake, akautazama ukuta, akapitisha kidole ndani ya mkunjo mmoja.

"Nimepima marinda," alisema polepole. "Fundi, nimeipima nyumba kama sketi!"

Alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akakaa kwenye ngazi na kujifunika uso kwa mikono. "Mama anakuja kesho. Kaka ameshafunga mizigo. Ataona nusu dirisha, atasema tumemfanyia mzaha."

Kuziba tundu lile na kutoboa jingine kungetaka chuma kingine na siku nyingine. Fundi alizunguka ndani, akatoka, akaingia tena. Kisha akapiga moyo konde, akasema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema tangu waanze kazi.

"Dada, chuma kimekosea, mbao bado inasikia. Tuupunguze ukuta huu pale unapokutana na dirisha. Tuache uwazi wa mkono kupita. Kitanda tukisogeze hapa. Akilala kwa ubavu, njia ataiona."

"Na harufu ya vitunguu?"

"Hiyo nayo ataiona."

Pindo akainua uso kumtazama, hakuamini kama ni yeye aliyefanya utani. Fundi alikuwa ameshageuka kutafuta msumeno.

Kesho yake mama akaja, ameshikwa mkono na kijana wake. Kaka alisimama mlangoni, akagonga ukuta kwa vidole.

"Dada, mimi sina nia mbaya. Lakini hili ni la mizigo, na mama si mzigo."

"Hebu nipishe," mama akasema. "Hata kwako nilikuja nimepakiwa." Akaupapasa mlango. "Huu anaufunga nani?"

"Wewe mwenyewe, mama, kwa ndani," Pindo akajibu. "Makomeo ya nje Fundi ameyakata yote."

Mama akalazwa kitandani. Akageukia ubavu, akatazama nje. Mtu wa baiskeli akapita, akafuata mwanamke na ndoo. Pindo alikuwa jikoni akijifanya anakata mkate, roho iko juu. Fundi alikuwa nje kabisa, amechuchumaa nyuma ya nguzo, anasikiliza.

"Mbona dirisha lenyewe nusu?" mama akauliza. "Nusu nyingine mmempa nani?"

"Jiko, mama."

Kisha Pindo akaona mkono mkavu wenye mishipa ukitokeza kwenye ule uwazi, ukapapasa rafu, ukagusa kisu, ukakiacha, ukakamata kipande cha mkate na kurudi nacho chumbani. Wakasikia mtu anatafuna.

"Kwa huyu mwanangu," mama akasema huku mdomo umejaa, "chai naiomba chumbani, inaitikiwa sebuleni, na inanifikia imepoa. Hapa mkono wangu unafika jikoni. Safiri salama, baba. Unipigie simu. Na zile nguo zangu uzilete kabla hujaondoka."

Kaka alicheka bila kupenda, akatoka nje kwenda kuleta nguo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa imekwisha, ila Fundi hakukosa sababu. Mara bawaba inalia, mara amekuja kuangalia kutu. Mama alimjua mapema. "Fundi," aliuliza kutoka kitandani, "leo umekuja kutengeneza nini ambacho hakijaharibika?" Pindo alisimamisha cherehani kusikia atajibu nini. Fundi akatoka na brashi ya rangi. Mabinti walilala chumba kimoja na kugombania kioo, na jioni nyumba ile ilisikika mpaka kwenye genge.

Miaka ikapita hivyo, hadi barabara mpya ilipopangwa kupita juu ya kiwanja. "Nilitaka kuiona njia," mama alisema, "sasa njia imekuja kuniona mimi." Pindo alipewa kiwanja kingine, mbali, mji mwingine kabisa. Wenzake walivunja nyumba zao na kuondoka na mabati. Yeye alimwita Fundi.

Fundi akakata miguu aliyoichomelea mwenyewe, polepole kuliko ilivyohitajika. Winchi likainua nyumba nzima, mapazia yakiwa ndani, likaiweka juu ya lori. Mama alitaka kusafiri kitandani kwake. Dereva akakataa katakata, wakambeba hadi mbele, akakaa kati ya Pindo na dereva, akasinzia. Mabinti walikuwa wametangulia kwa basi.

Fundi alisimama chini ya mlango wa lori, kofia mkononi, midomo inacheza bila sauti. Pindo alingoja. Dereva akawasha injini. Pindo akainama dirishani.

"Njoo ututembelee, Fundi. Na ukija ubishe hodi kwa sauti. Mama siku hizi hasikii vizuri, na mimi cherehani ikikimbia sisikii kitu."