Kiti Chetu cha Blada

Watu wembamba wakifika matangani hutazama nani amekuja na chakula kiko upande gani. Mimi hutazama miguu ya viti. Navijua vile vyeupe vya plastiki, vya kukodi, kuliko ninavyowajua binamu zangu: kipi kina ufa, kipi kimekaa juani mpaka kikakauka. Na nikishachagua changu polepole, hakosi kutokea shangazi mmoja mwenye roho safi, anyanyue kiti cha pili, akipachike juu ya cha kwanza, kisha aseme kwa sauti ya kufika jikoni, "Kaa hapa, mama. Hizi mbili zitakubeba." Anafanya wema, hilo sikatai. Lakini huwa natamani kumpiga na sahani.

Kwa hivyo mwalimu wetu wa usanifu, pale chuoni Nakuru, alipotangaza kwamba kazi ya vikundi muhula ule ni kutengeneza kiti kwa takataka, mimi sikusikia takataka. Nilisikia kiti. Kisha akaongeza sharti. Siku ya maonyesho, kila mwanakikundi angekalia kiti chao mbele ya darasa zima.

"Kiti ambacho fundi wake anakiogopa ni kuni," alisema.

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa tayari natafuta ugonjwa wa kuugua siku hiyo.

Kikundi chetu kilikuwa na watu watatu: mimi, msichana wa Naivasha ambaye mama yake alifanya kazi kwenye mashamba ya maua, na kijana wa Rongai, mtoto wa mkulima. Msichana alileta paleti za mbao zilizotupwa shambani. Sehemu ya kukalia tuliamua kuifuma kwa blada, ile mipira ya tyubu kuukuu inayokatwa vipande virefu vya kufungia mizigo. Tulizifuata Mai Mahiu, kwenye banda la kuziba pancha za malori. Mzee wa pale alitukagua kuanzia viatu hadi vitambulisho vya chuo.

"Wanafunzi na vitu za magari," akasema. "Mnaenda kuchomea barabara gani kwa mgomo?"

"Ni ya kutengeneza kiti, mzee," kijana akamwambia.

"Kiti!" Alicheka mpaka akashika kiuno, lakini akatupatia tyubu za kutosha, na nyingine akatukatia mwenyewe.

Tulifuma mara ya kwanza tukajipongeza. Kijana akakaa, akazama mpaka makalio yakagusa sakafu, magoti yakamfika masikioni. Tukafumua yote. Mara ya pili alikanyaga fremu kwa mguu mmoja akatufundisha kuvuta. "Vuta kama unafunga mtungi ya maziwa kwa nduthi," alituambia, maana kwao maziwa huenda sokoni kwa pikipiki. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka, na blada ikakaza ikawa inalia ukiigonga kwa kidole.

Akakaa tena, akarukaruka, kiti kimya. Msichana naye akakaa, akakunja miguu juu kama yuko kwao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya hapo wote wawili wakagundua kwamba karakana ina vumbi, na kila mmoja akashika ufagio wake. Hakuna aliyeniambia, "Sasa wewe." Wala mimi sikujitolea. Niliona heri nisijue.

Wiki iliyofuata kijana alitoka kwao na gunia la mahindi, eti kujaribu uimara. Wakalibeba pamoja, wakaliweka kitini, kiti kikavumilia. Nikashusha pumzi. Hapo ndipo msichana, bila kunitazama, alipotoka nje akarudi na debe lililojaa mchanga, akalipandisha juu ya gunia. Akarudi nyuma. Akanipima kwa pembe ya jicho, kama fundi wa nguo, kisha akatoka tena, akarudi na mchanga mwingine.

Damu ilinipanda.

"Mnapima nani?"

"Tunapima kiti," kijana akajibu haraka sana, macho chini.

"Niambieni mnapima nani!"

Msichana akaweka chini mchanga wake. Alikuwa na mdomo mkali na nilijiandaa kwa lolote. Aliniuliza tu, "Uko kilo ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, ana kwa ana. Watu walikuwa wananiongezea viti, wananipisha mlangoni, wananiambia nina mwili wa heshima. Nikamwambia. Nilitaja kilo zangu zote, kwa hasira, nikingoja uso wake ubadilike. Haukubadilika.

"Sawa," akasema. "Basi tuongeze mbao moja hapo katikati."

Na wakaongeza, wakabishana kuhusu misumari hadi chakula cha mchana, na mimi nikabishana nao. Sikumbuki lini tena nilifurahia ugomvi namna ile. Hata hivyo sikukikalia. Kilo nilikuwa nimezitaja, lakini kuzishusha kitini ni jambo jingine.

Siku ya maonyesho ikafika na mimi mzima wa afya, bahati mbaya. Kikundi cha kwanza kilikuwa na stuli ya chupa za plastiki. Alipoikalia mvulana wao, mwembamba kama fito, chupa zikatawanyika kila upande na yeye akabaki chini, miguu juu. Darasa lilicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nikawaza: huyo ni fito, na wamemcheka hivyo.

Tukaitwa. Kijana akakaa, akainuka. Msichana akakaa, akainuka. Macho ya darasa yote yakanijia. Nikageuka, nikashika mikono ya kiti, nikajishusha. Blada ikalia kidogo. Nikangoja mbao ipasuke. Haikupasuka.

"Vizuri sana," mwalimu akasema, akiandika. "Inatosha, inuka."

Msichana alikuwa amesimama kando yangu. Akainama.

"Wewe, hujakaa," akaninong'oneza. "Kaa kabisa."

Ni kweli. Mapaja yangu yalikuwa yanatetemeka. Nilikuwa nimejibeba mwenyewe kwa miguu, kiti kimenigusa tu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekalia kila kiti, kila benchi la kanisa, tangu shule ya msingi. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyokaa. Nilidhani kukaa kunachosha kila mtu.

Nikaachilia miguu. Nikaegemea. Kiti kikashuka kidogo, kikatulia, na machozi yakanitoka mbele ya darasa zima, na sikuona haya.

"Inuka basi, wengine wanangoja," mwalimu akasema.

"Ngoja kidogo, mwalimu," nikamwambia. "Ndio nimekaa saa hii."