Ua la Mbaazi, Mwezi wa Sita

Eufrazia alikuwa na kanuni moja mezani kwake, wala hakuwa na subira na mtu aliyeichezea: ua la karatasi halitengenezwi nje ya mwezi wake. Julai ni ua la mwembe, Oktoba mjakaranda, Desemba ua jekundu la mkrismasi, na Juni, hata watu wa mjini wakicheka, ni ua la mbaazi. Anayetaka mkrismasi mwezi wa nne, alisema, aende sokoni akanunue la plastiki. Hilo halijui masika wala kiangazi.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alizaliwa Matombo, akashuka mjini akiwa msichana, akashona mashati kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake Mafiga mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Mikono yenyewe haikukataa, ndipo akaingia kwenye karatasi. Kila Jumanne asubuhi wazee kumi, yeye akiwa mwelekezaji wao, walikutana Mwembesongo, katika ukumbi wa shirika dogo linalohudumia wazee. Walikata karatasi laini za rangi, zile za kupambia harusi, wakazikunja na kuzifunga kwa uzi kwenye njiti za chelewa. Gundi walipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Hakuna aliyeruhusiwa kufumua kazi ya mwenzake. Ua lililopinda lilibaki limepinda, na mwenye mikono inayotetemeka aliketi pale pale na wengine, hakuwekwa pembeni.

Kanuni ya miezi ilitokana na Mzee Halidi. Alikuwa dereva wa matrekta katika mashamba ya miwa, mtu aliyezikumbuka barabara zote za mkoa, na sasa akili yake ilikuwa inafutika kidogo kidogo. Kalenda ya ukutani haikumsaidia, kwa sababu hakujua yuko kwenye mstari upi. Asubuhi moja aliuliza mara nne ni mwezi gani, na mara ya nne watu wawili walicheka. Eufrazia hakucheka. Alimwekea mbele ua la mwembe alilokuwa analimaliza. Halidi akalitazama, akaligeuza, akasema, “Aa, ni mwezi wa saba,” akatulia.

Tangu siku hiyo alipewa ua kila mwanzo wa mwezi, akalipeleka nyumbani, na binti yake Raya akalichomeka juu ya mlango. Akiamka, analiangalia kwanza kabla ya kutawadha. Kwa miaka mitatu hakuwahi kupotea. Madaktari wana maneno yao kwa jambo hilo. Eufrazia aliliita kumheshimu mtu.

Mwaka juzi, mwishoni mwa Mei, Jesca aliyesimamia ukumbi aliwaletea habari. Alikuwa msichana mwenye adabu, shikamoo yake haikukosa mtu hata mmoja, na alilipenda shirika lile. Alieleza kwamba wageni wafadhili watakuja kutoka Dar es Salaam mwisho wa Juni. Watapiga picha za kutumia kwenye kadi za sikukuu, hivyo wanataka meza zijae mikrismasi myekundu. Wakiridhika, paa linalovuja litaezekwa upya, na chai na karatasi za mwaka mzima zitapatikana.

Eufrazia alimwambia wageni watawakuta na maua ya mbaazi.

“Bibi, ua la mbaazi nani analijua?”

“Anayezila.”

Wazee walicheka, na Jesca naye akacheka, lakini hakuondoka. Alisema wageni wana haraka na kadi huchapishwa mapema. Hapo Mwanahawa aliingilia. Yeye na Eufrazia walikuwa marafiki wa miaka arobaini. Walishona kwenye cherehani mbili zilizopakana kiwandani, na mume wa Eufrazia alipofariki, Mwanahawa ndiye aliyelala naye chumbani mpaka arobaini ikaisha, Mwislamu katika nyumba ya Wakristo, na hakuna aliyeona ajabu. Magoti yake yalimsumbua, na kila mvua iliponyesha maji yalidondoka kwenye kiti chake. Alisema kwa upole kwamba Mzee Halidi apumzishwe nyumbani Jumanne mbili tatu, asiyaone mekundu yakamchanganya, kazi ya wageni iishe, halafu arudi.

“Kama ana nafasi hapa, anayo na wageni wakiwepo,” Eufrazia alijibu. “Hatutamficha mtu kama ndoo ya kudekia.”

Kikao kikaisha bila mtu kukubali wala kukataa.

Jumanne iliyofuata Eufrazia alikuwa Matombo msibani. Ukumbini zikatolewa karatasi nyekundu. Wazee walikata petali tano tano, moja ikiwa na madoadoa meupe, wakajaza beseni mbili. Halidi alikuwepo. Hakuna aliyepata moyo wa kumwambia abaki nyumbani, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia ukweli. Wakati wa kuondoka aliomba ua lake kama kawaida. Mwanahawa akasita, kisha akampa la kwenye beseni.

Tangu ujana wake, mkrismasi ukishawaka, Halidi husafisha shamba ili masika yamkute tayari. Kesho yake asubuhi aliliona ua jekundu mlangoni, akachukua jembe na panga, akapanda bodaboda mpaka Bigwa, kwenye shamba la familia chini ya mlima. Alikuta mbaazi zimesimama, njano tupu, nyuki wakizizunguka. Raya alizipanda mwenyewe, na ndizo alizozitegemea mwaka ule. Halidi akazifyeka. Alipopatikana alasiri alikuwa amemaliza zaidi ya nusu, viganja vimechubuka, midomo imekauka, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeamkia kazi mapema. Raya alipomwonyesha maua ya njano yaliyolala chini, baba yake alimweleza kwa subira kwamba mbaazi hizo zimechelewa, hazifai tena. Ua la Eufrazia limesema Desemba. Alikuwa ameliamini kuliko shamba lenyewe.

Eufrazia aliporudi alimkuta Raya amekaa kibarazani kwake, ua jekundu mkononi.

“Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyempa?”

“Marahaba. Si mimi. Ila alilipokea akidhani ni langu.”

Hakungoja hata kubadili nguo za msiba. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwanahawa. Rafiki yake alikwisha sikia, na macho yalikuwa yamemvimba, lakini watu wengi wakiona aibu hukasirika, naye alikasirika.

“Karatasi, Eufrazia. Unakuja kunihukumu kwa karatasi.”

“Kamwambie Raya hivyo. Kamwambie mbaazi zake zimefyekwa na karatasi.”

“Na paa? Wewe magoti yako hayaumi.”

“Yanauma. Afadhali ningeloa.”

Alimtaka aende naye kwa Jesca waseme kwa pamoja kwamba beseni zile ziwekwe stoo mpaka Desemba. Mwanahawa alisema hataki kushupaliwa nyumbani kwake. Eufrazia akaenda peke yake. Jesca alisikitika kwa dhati juu ya Mzee Halidi, akaahidi kumpelekea Raya pole, lakini kuhusu maua alisema uamuzi umeshapita.

Siku ya wageni ilipofika, ukumbi uling'aa. Meza zilifunikwa vitambaa vyeupe, na mikrismasi ilisimama kwenye chupa kana kwamba mji mzima uko Desemba. Eufrazia aliingia amemshika Halidi mkono. Bartholomeo, seremala mstaafu asiyesema sana, aliwafuata amebeba meza ndogo ya kukunja. Waliiweka mbele kabisa, si pembeni, wakaketi watatu, wakaanza kukata karatasi ya njano. Jesca aliinama akamnong'oneza Eufrazia ahamie nyuma. Eufrazia aliendelea kukata.

Kiongozi wa wageni, mama wa makamo aliyevaa kitenge kizuri, alisimama mbele yao akauliza kwa nini wao wanatengeneza ya njano.

“Kwa sababu ni mwezi wa sita,” Eufrazia alisema.

“Na yale mekundu?”

“Ni ya mwezi wa kumi na mbili. Yametengenezwa kwa ajili yako. Huyu mzee yalimpoteza, akafyeka shamba la mwanawe. Nimeona ulijue hilo kabla hujapiga picha.”

Halidi alimpa mgeni ua alilolimaliza, lililopinda, akamwambia ni la mbaazi. Mgeni alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Kisha akaenda kwenye meza nyekundu na picha zikapigwa. Kuelewa hakukumgharimu kitu.

Paa liliezekwa Agosti. Wiki hiyo hiyo Jesca alimletea Eufrazia barua iliyomshukuru kwa mchango wake na kumjulisha kwamba kikundi kitakuwa na mwelekezaji mwingine. Aliisoma wima mlangoni, akairudisha kwenye bahasha, akamuuliza Jesca kama mama yake hajambo. Jumanne iliyofuata aliandika ubao kwa chaki akautundika kibarazani kwake Mafiga: Maua ya mwezi huu. Walikuja Halidi na Bartholomeo. Karatasi walinunua wenyewe, na chai ilikuwa ya rangi.

Raya alipanda upya. Halidi aliendelea kuisoma miezi mlangoni hadi mwaka jana mwishoni. Sasa huliangalia ua, akalisifu, akauliza ni la nini, na Eufrazia humjibu kila mara anapouliza.

Wazee saba walibaki Mwembesongo, chini ya mabati mapya. Mwanahawa ni mmoja wao. Wakikutana njiani husalimiana, hujambo, sijambo, kila mtu akashika njia yake. Kanuni ile ilimgharimu Eufrazia ukumbi, na wenzake saba, mmoja wao rafiki wa miaka arobaini, na hakuna kilichorudi hata kimoja.