Wafalme wa Tumbo Moja

Niliondoka Nyangwe asubuhi moja bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimekunywa uji na kumsaidia jirani kusukuma mtumbwi wake majini. Nilipogeuka nikaona njia ya Kasongo iko wazi na umande umekauka. Nikachukua mkeka na kisu. Hakuna aliyenifukuza. Hata chuoni sikufukuzwa, nilitoka mwenyewe kabla ya kumaliza juzuu ya kwanza, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu nami nilichoka na fimbo yake.

Huko Kasongo aliishi dada yangu Zaituni na binti yake Mwamini, mtoto wa miaka sita hivi. Mumewe alikuwa amekwenda na msafara wa Tabora na hakuwa amerudi. Zaituni alinikuta mlangoni, akaushika mkeka wangu akaupima kwa mkono.

"Ramazani. Umekimbia nini tena?"

"Sikukimbia. Nilitembea."

"Utakaa siku ngapi? Niambie, nijue kama ninapika ya watatu ao ya wawili."

Mpunga ulikuwa unavunwa. Mji ulikuwa na michungwa kando ya njia, nyumba ndefu za udongo, na mashamba yaliyofika hadi kijitoni. Waliovuna walikuwa watumwa. Nasema hivyo sasa. Wakati ule mimi, niliyeuliza habari za kila kitu, sikuuliza habari zao.

Mtaa ule ulikuwa chini ya tajiri tuliyemwita Bwana Mkubwa. Nyumbani kwake alikaa Mzungu aliyekuja kununua pembe za ndovu akaugua kidonda mguuni. Alikuwa mgeni. Alipewa wali na kanzu safi, ila hakuruhusiwa kuondoka, maana mfalme wake alikuwa na vita na mabwana wetu. Zaituni, ambaye hakupenda kuniona nimekaa, aliniombea kazi ya kumwosha kidonda.

Watu walimwita Bwana Pasi. Mama yake alikuwa akipiga pasi nguo za watoto wa mfalme huko kwao, naye alikulia katika chumba hicho chenye mvuke, akisikia kila kitu. Kiswahili alijifunza Tabora. Nilipomwosha alisema ili asisikie maumivu, nami niliosha polepole ili asinyamaze.

Aliniambia watoto wa wafalme hulala vitanda vigumu na kuoga maji baridi, na mdogo huvaa koti la mkubwa likishambana. Yaya anatoka nchi nyingine, kwa hiyo wanalia kwa lugha ya yaya, wanakula kwa lugha ya pili, na baba anawakaripia kwa lugha ya tatu.

"Ni kama sisi," nilimwambia. "Mama yetu alikuwa Mbangubangu, baba Mnyamwezi. Sokoni tunasema Kizimba, na kwa Mungu tunasema Kiarabu tusichokielewa."

Alicheka hadi mguu ukatikisika.

Siku nyingine alinihesabia ukoo wao kwa vidole. Yuko bibi mmoja mzee Uingereza, malkia mjane, anavaa nguo nyeusi kila siku. Watoto na wajukuu wake wameingia katika nyumba za wafalme wengine kama mboga ya maboga inavyotambaa. Mfalme wa Wadachi, wale waliokuwa wameshika pwani na upande wa pili wa ziwa, ni mjukuu wake.

"Na mfalme wako weye?" niliuliza. "Huyu mwenye askari?"

"Baba yake alikuwa mjomba wa yule bibi."

Niliweka kitambaa chini. "Mjomba wa kweli? Ndugu ya mama yake?"

"Tumbo moja na mama yake."

Kwao mama yetu, mjomba ndiye mwenye neno. Na mpwa ana haki moja ambayo hata mkwe hana. Akiingia nyumbani kwa mjomba akashika kuku, kuku ni wake. Mjomba akifa, wanawe hawawezi kumnyima. Hanyang'anywi, hasemwi. Nimeona vita vya vijiji viwili vikiisha hivyo: mpwa alifika, akaweka mkono juu ya mlango wa waliokuwa wanatafutwa, akasema, "Hiki nimeshika mimi."

Bwana Pasi hakuwa amemaliza. Alinisimulia habari ya mfalme mmoja wa kaskazini, asiye na mali, ambaye binti zake walijishonea nguo wenyewe. Mmoja aliolewa na mtoto wa yule bibi. Na harusi haijapoa, Wadachi, wakwe wa bibi huyohuyo, walimvamia baba wa bibi harusi wakamnyang'anya kipande cha nchi.

"Yule bibi mzee alifanya nini?"

"Alikataza habari hiyo kutajwa mezani."

Nilidhani ni mzaha. Nikafunga kidonda, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mkubwa na zile habari za mjomba. Za binti washonaji sikumpelekea.

Bwana Mkubwa naye alizaliwa na mama wa huku. Alinisikiliza akiwa ameshika tasbihi bila kuihesabu.

"Kwa hiyo Mdachi ni mjukuu wa mpwa wao."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi aje ashike mlango."

Barua iliandikwa siku ileile, ikapita njia ya Kabambare kwenda ziwani kwa Wadachi, ili mfalme wao aishike Kasongo kwa jamaa yake kama mpwa anavyoshika kuku. Mtaani niliheshimiwa. Wazee waliniachia nafasi mkekani. Nilikuwa nimezoea kuitwa mtu wa njia, na heshima ile ilinilewesha kidogo.

Kisha jeshi la Wazungu, askari wa mfalme wa Bwana Pasi, likafika ng'ambo ya mto, mbele ya Nyangwe, likakaa hapo. Majuma yakapita. Majirani wakaanza kuondoka kwenda Kabambare, wengine kwa siri, wengine wakibeba hata milango. Asubuhi moja nilimkuta Zaituni amefunga mzigo: sufuria, mkeka, mbegu za mpunga, nguo za Mwamini.

"Majirani wanasema twende leo," alisema. "Lakini weye ndiye unajua mambo ya Wazungu. Twende ao tukae?"

"Tukae. Wale wafalme ni ndugu. Barua iko njiani."

"Una hakika, mudogo wangu? Niko na mutoto."

"Nina hakika."

Kisha akafungua fundo kwa meno, kwa sababu alikuwa amelikaza sana, akarudisha sufuria mahali pake.

Nyangwe ilianguka. Nikasema bado, barua haijafika. Bwana Pasi alisikia ninavyosema mtaani, akaniita.

"Nilikueleza habari ya wale binti," alisema. "Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Wanaandikiana, Ramazani. Wanalia kweli. Halafu askari wanakwenda."

Nilitoka kwake nikiwa nimeelewa. Njia yote niliyapanga maneno ya kumwambia dada yangu. Nilimkuta anapepeta mchele na Mwamini anaimba, nikaona aibu. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake milio ya bunduki ilianza wakati wa kufagia ua.

Ilitoka upande ambao walinzi hawakuutazama.

Watu walipita mlangoni bila kulia. Nakumbuka nyayo tu, nyingi, kama mvua juu ya majani makavu.

Zaituni hakuchukua kitu. Alimbeba Mwamini mgongoni, nami nikashika mkono wa dada yangu. Paa la kwa Bwana Mkubwa lilikuwa linawaka.

Kijitoni kulikuwa na daraja la miti miwili. Watu wote wa mtaa walitaka miti hiyo miwili. Nilikuwa mbele. Mkono wake ukaniponyoka.

Nikageuka. Alikuwa amemtoa Mwamini mgongoni, anampitisha juu ya vichwa vya watu.

"Mushike," alisema.

Nikamshika. Nyuma yetu wakapiga tena, na wote waliokuwa darajani wakasukumana mara moja. Nilipopata mahali pa kusimama nilitafuta kanga yake nyekundu. Sikuiona.

Nimeuliza miaka mingi. Mwanamke mmoja aliniambia alimwona kati ya mateka waliopelekwa Nyangwe. Mwingine alisema majini. Habari za Bwana Pasi nazo ni mbili: kwamba alitoka kuwalaki askari, wakampiga risasi kwa ajili ya kanzu aliyovaa, na kwamba alifika kwao salama. Barua sijui kama ilivuka ziwa.

Watu hunifariji. Wanasema hata walioondoka mapema walikufa, njia ilikuwa na ndui na njaa. Ni kweli, niliwaona. Lakini majirani waliotuita asubuhi ile walifika wote, na mzigo wa dada yangu ulikuwa umeshafungwa.

Tuliingia Kabambare mchana, siku ya saba. Nilikuwa sijawahi kufika. Mama mmoja alikuwa anabangua karanga mbele ya nyumba, akatusemesha kwa Kibangubangu, lugha ya mama yetu.

"Mutoto ni wako?"

"Ni wa dada yangu."

Hakuuliza dada yuko wapi. "Basi weye ndiye mjomba. Ingieni. Nyuma iko chumba cha karanga, panya ni wachache."

Mwamini alichota karanga ungoni bila kuomba. Nilitaka kumkataza, mama yule akanizuia kwa jicho.

Chumbani nilitandika mkeka. Mwamini alitaka hadithi ya wale binti waliojishonea nguo, aliyokuwa ameisikia kwangu mara nyingi hadi harusi. Safari hii niliimaliza: wakwe, nchi iliyonyang'anywa, bibi aliyekataza maneno mezani.

Alitafuna kwanza.

"Mbona bibi hakuwaambia waache?"

Nilimwambia sijui.

Asubuhi nilitoka uani. Njia ya ziwani ilikuwa wazi, umande umekauka. Niliitazama mpaka mama wa karanga akauliza kama nimepoteza kitu. Kisha nikaenda kutafuta kuni, kwa sababu Mwamini alikuwa karibu kuamka na maji ya uji hayakuwa yametelekwa.