Siku Posta Alipokataa Maziwa

Jina lake lilikuwa Kipketer, lakini sisi wa nyanda kavu za ng'ambo ya Mogotio tulimwita Posta, kwa kuwa hatukuwa na posta nyingine. Miaka ile ya hamsini lori la barua kutoka Nakuru liliishia Mogotio. Kuanzia hapo ilikuwa ni miguu yake, viatu vya akala vya tairi na mfuko wa turubai. Maboma yalikuwa machache na mbalimbali, na yeye alifika hata pasipo barua, akasema leo hamna, akaketi.

Kwanza alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando. Mfuko haukufunguliwa kabla ya kibuyu, na kwa kuwa kila boma lilikuwa na kibuyu chake, nilizoea kumtania kwamba tumbo lake ni zito kuliko mzigo wa serikali. Kitu kimoja hakikumtoka kinywani: habari za mzigo wa mwenzako. Ungemchokoza mpaka uchoke, naye angesifu maziwa tu.

Mwaka mmoja mvua ilikataa, na pampu ya kisima chetu ikafa. Mzee Micah, mlinzi wa kisima, akaagiza ngozi mpya ya kuvutia maji kutoka kwa Jagdish, fundi wa Nakuru. Tukangoja. Ng'ombe wangu wawili walikuwa wamelala, hawainuki, na aliyebaki alinipa maziwa ya kulowesha kibuyu tu.

Ndipo Posta akapita langoni kwangu bila kuketi. Nikamnyooshea kibuyu.

"Leo sinywi, mama Cheptoo," akasema. "Nikirudi."

Akashika njia ya kwa Micah. Mwanzo nilikasirika, maana maziwa yenyewe niliyapata kwa taabu. Kisha nikakumbuka mila. Kwetu, asiyeonja kitu njiani ni yule aliyebeba habari ya kifo, mpaka aifikishe. Na Micah alikuwa na mwana jeshini, Kipsang. Nikapiga ukemi. Jirani yangu Jerop akaupokea, ukavuka bonde, wanaume wakaacha mifugo, na sote tukaelekea kisimani tukilia. Micah hangeachwa peke yake na msiba kama huo.

Tulimkuta yeye na Posta wamelowa jasho, wakivuta kamba, ngozi mpya kutoka mfukoni mwa Posta imelala kando. Bomba la chuma lilishuka hadi chini kabisa, na lazima litolewe lote ndipo ngozi ibadilishwe. Watu wawili hawakuweza kuliinua hata shubiri.

"Mnamlilia nani?" Micah akauliza, uso umembadilika.

Nikakosa pa kuuweka wangu. Nikamweleza tulivyodhani. Posta akanitazama, kisha akautazama ule umati wa waombolezaji.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Shikeni kamba."

Tukashika, machozi hayajakauka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa tumeleta vidole tele pamoja na msiba wa uongo. Bomba likapanda, ngozi ikaingia, na jioni maji yakatoka, mekundu kwanza, kisha safi. Nilicheka na kulia kwa pamoja bila kuona haya. Ng'ombe wangu tuliwapelekea maji kwa madebe, na Posta alibeba mawili.

Walipokwisha kunywa ndipo alipoketi langoni kwangu na kuomba kibuyu. Alikimaliza.

"Asante, mama," akasema. "Asubuhi nilijua maziwa hayo ndiyo ya mwisho. Sikutaka kuyanywa kabla ng'ombe wako hawajanywa."

Nikakipokea kibuyu kitupu, nikakisuuza kwa maji ya kisima. Nimemshukuru kila siku tangu hapo.