Kopi ya Bénite

Sisi walimu tuna ugonjwa mmoja: tunasahihisha hata pale ambapo hakuna aliyetuomba. Madame Adèle Kahongya ulimpata kuliko sisi wote, na nasema hivyo nikiwa rafiki yake wa miaka kumi na tisa. Ukimpelekea mwaliko wa harusi, kalamu nyekundu kwanza, pongezi baadaye.

Alifundisha Kifaransa darasa la sita la sekondari, la wanaomaliza, katika shule moja hapa Butembo. Mimi, Eliane, nilifundisha historia chumba cha pili. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, basi masomo yake niliyajua kama yangu. Jambo aliloling'ang'ania si sarufi wala tahajia. Lilikuwa lile neno moja linaloamuru ndani ya swali la mtihani. Huku kwetu mtoto anakariri daftari tangu udogo. Siku ya mtihani anamwaga yote aliyoyashika, ameulizwa ama hakuulizwa. Umwombe ataje mito miwili tu, atakupa mito, milima, mvua na samaki waliomo.

"Citez, njo kusema nini?" Madame alikuwa akiwauliza.

"Kutaja, Madame!"

"Na kueleza?"

"Hapana, Madame!"

"Comparez?"

"Kulinganisha!"

"Discutez?"

Hapo sauti zilipungua. Discutez ni kujadili: toa hoja za upande huu, toa za upande ule, kisha amua. Watoto waliliogopa. Basi aliwawekea desturi yake. Swali likishagawiwa, hakuna kugusa kalamu. Kila mmoja anaweka kidole juu ya neno la amri na kulisoma taratibu, wote pamoja, mpaka ukuta wetu wa mbao unavuma. Ndipo waandike.

"Serikali haikuulize unajua nini," aliwaambia. "Inakuuliza ile inakuuliza. Ukijibu ingine, ni hors sujet. Umetoka inje ya swali, na mutu wa inje hatumufungulie mulango."

Walimwita Madame Kidole. Alijua, akanyamaza, maana kila mwaka wanafunzi wake walipata diploma kuliko wa shule jirani. Mimi pia nilimtania, lakini moyoni nilimwonea wivu.

Bénite alifika kwetu mwaka juzi kutoka Eringeti, akakaa kwa shangazi yake. Tulijua kwamba baba yake, Ananie, aliuawa na waasi katika shamba lao la kakao. Zaidi ya hapo hatukujua, na tusijisifu, hatukuuliza. Ukianza kuwahesabu watoto wetu waliofiwa namna hiyo, vidole vya mikono miwili havitoshi, kwa hiyo tuliacha kuhesabu. Bénite alikuwa mkimya, mwandiko wake mzuri, na kwa maneno ya amri hakuna aliyemshinda. Wenzake wakikwama, yeye ndiye aliyewaeleza tofauti ya hili na lile. Madame alisema huyu ndiye wa kwanza wetu mwaka huu, diploma yake imekwisha kupikwa, bado kupakuliwa.

Mwezi wa tano tukafanya mtihani wa majaribio, kabla ya ule wa serikali. Madame akatunga swali la insha: "Shamba halimtupi mwenye jembe. Discutez." Kweli lilikuwa swali zuri. Nusu ya darasa ni watoto wa wakulima, nami mwenyewe nilimsifu.

Kopi, yaani karatasi za majibu, zilikuwa hamsini na nane. Madame alizisahihisha kwa kanuni yake: kopi iliyotoka nje ya swali haisomwi hadi mwisho. Akiona kurasa mbili hakuna hoja, anaandika "hors sujet" kwa nyekundu, anatia alama, anageuza inayofuata. Mnaomlaumu, njooni msahihishe hamsini na nane kwa mshahara wetu, kisha tuzungumze.

Siku ya kusoma alama alianza na za chini, kama tulivyozoea. Jina la kwanza likawa Bénite. Nne juu ya ishirini.

"Bénite," nilimsikia Madame kupitia ukuta, "nilikuomba kujadili, weye unatusimulia safari ya kwenda ku shamba. Eti asubui tuliamka, tukakula bitoke, baba akapiga muluzi. Hadisi muzuri sana, uende umupatie nyanya yako."

Watoto wakacheka. Na mimi, upande wangu wa ukuta, Mungu anisamehe, nilicheka.

Kesho yake Bénite hakuja. Juma likapita. Shangazi yake akaja shuleni, akasimama mlangoni kwa Madame na mkoba mikononi, hakutaka kukaa.

"Mutoto alirudia kwa mama yake, Beni," alisema. "Anasema masomo imeisha. Ni nini mulimufanya?"

Madame akaeleza habari ya alama. Shangazi alisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Aliandika juu ya shamba? Madame, siku ile balimuua Ananie, Bénite alikuwa naye. Alikaa mu majani mpaka jioni. Tangu ile siku hapana kuambia mutu hata neno moja. Mama yake, hapana. Mimi, hapana. Padri, hapana. Miaka mbili."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Tulikuwa tunalisema hilo kila siku, sisi watu wa Kivu, na tulikuwa tumekaa na kovu hilo darasani mwaka mzima tukilitia alama.

Madame hakulia mbele ya shangazi. Alitoka mbio kwenda kwenye kabati la kopi. Lilikuwa tupu. Kopi zikishaandikwa katika kitabu cha alama, shule inawapa akina mama wa karanga wafungie. Mchana ule tulizunguka soko zima, Madame na mimi, tukifungua vikoni vya karatasi vilivyofungiwa karanga za watu. Wanunuzi walituona wendawazimu. Tulipata nusu ya kopi ya Delphin, mwenzake Bénite, iliyojadili vizuri sana. Ya Bénite hatukuipata.

Siku ya Jumamosi tulikwenda Beni. Madame alikuwa na lengo moja: kumrudisha mtoto darasani kabla ya mtihani wa serikali, ambao ulikuwa umebakiza majuma matatu. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa na kwanza, pili, tatu, mwalimu hata katika toba yake, na nilichukia kumsikia.

Mama yake Bénite, Mama Kyakimwa, alikuwa akipanga chumba upande wa Boikene. Tulimkuta uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alitupatia viti viwili, yeye akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa. Bénite akatoka ndani, akatusalimu kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha.

Madame akasahau kwanza na pili.

"Bénite, mutoto wangu, nilikosa. Nilifanya batu bakucheke. Urudi. Nitakupatia chumba kwangu, tutafanya masomo pamoja. Uko na akili, mutihani haikushinde."

"Nilijua, Madame," Bénite alisema. "Discutez, nilijua maana yake. Niliweka kidole. Lakini juu ya shamba nilikuwa na kitu moja tu ya kusema. Nikasema, bon, Madame atasoma, yeye anasomaka yote."

Madame akainamisha kichwa.

"Ulisoma yote, Madame?"

Niliomba amdanganye. Nasema wazi, niliomba hivyo, na ningekuwa mimi ningedanganya. Lakini Adèle Kahongya hakuwahi kudanganya mwanafunzi.

"Hapana."

"Ulifikia wapi?"

"Page ya mbili."

Bénite alifikiri kidogo, bila hasira, kama anayetafuta mahali kwenye daftari.

"Page ya mbili tulikuwa tungali mu njia," alisema. "Baba anakufa ku page ya ine."

Akachukua bidoni, akasema anakwenda kuteka maji. Madame alisimama amfuate.

"Uniambie sasa! Bénite, unisimulie, nitasikia mpaka mwisho!"

"Nilishasema mara moja, Madame. Kurudilia, hapana. Na mutihani, hapana pia. Munisamehe."

Alishuka kwenye kijia na hakugeuka. Kuanzia pale nilijua kwamba tumemkosa, wa kwanza wetu mwaka ule.

Tulidhani mama yake atatufukuza. Ilikuwa haki yake. Badala yake aliweka mchi chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akavuta kile kinu karibu na goti la Madame.

"Mimi sijue kusoma," alisema. "Balinipatia habari tu, bwana yako alikufa. Mutoto hapana kuniambia kitu. Ile page mbili ulisoma, Madame, uko unaikumbuka?"

"Ninaikumbuka, mama."

"Basi uniambie."

Madame akamwambia. Alianza na sauti ya mwalimu, kisha ikamwisha. Alisema waliamka kungali umande, wakala bitoke, ndizi za kupika zilizobaki jana yake. Alisema baba alivaa kofia yake upande wa ndani nje, mtoto akamcheka, naye akakataa kuigeuza. Mama Kyakimwa akacheka kwa nguvu, machozi yanamtoka.

"Njo yeye! Njo yeye kabisa! Wasingya, Madame, wasingya," alimshukuru kwa lugha ya kwao.

Alisema baba alipiga mluzi kupanda kilima, akabeba jembe la Bénite pamoja na lake. Walipofika kijito alimvusha mgongoni, ijapokuwa alikuwa msichana mkubwa, akamwambia mwaka huu kakao ikizaa vizuri, atamnunulia viatu vya kuendea mtihani. Wakavuka. Wakaanza kuona miti ya kwanza ya shamba.

Hapo ndipo ukurasa wa pili ulipoishia. Mama Kyakimwa alisogea tena kidogo, mikono yote miwili juu ya goti la Madame, uso wake umefunguka.

"Na kisha?" aliuliza.