Maji Safi Aliyoyaomba Mwatumu

Maji yanaanza kujaa horini, kwenye mkono huu wa bahari, na Mwatumu binti Mwinyijuma yumo hadi kiunoni, anatanda uduvi peke yake. Kutanda ni kazi ya watu wawili: huyu anashika ncha hizi za nguo ya kaniki, yule ncha zile, wanaikokota pamoja na kuiinua. Mwatumu ncha za pili amezifunga kwenye mti wa mkoko, na mkoko haukokoti. Anainua, anachungulia. Tope na jani bovu.

“Huyu ndiye mwenzangu siku hizi,” anasema, akiupiga mkoko kofi. “Angalau hanisemi.”

Mwenzake hasa ni jirani yake Asmahani, aliyetanda naye tangu ujana. Mwaka huu wa 1956 hata salamu hawapeani. Kisa ni maji, na anayedhani maji hayagombanishi watu na aje huku, kaskazini ya mji wa Tanga, ajionee.

Zamani hori hili lilinuka. Shamba la mkonge lililo juu ya mto lilimwaga humo maji ya korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge: maji ya kijani, yenye povu, yanayowasha ngozi na kutapisha. Ila uduvi walikuwepo. Bamvua moja, maji makuu ya mwezi, lilimjazia Mwatumu makapu mawili. Alianika, akauza mjini, mitaa ya Makorora na Usagara, na kwa uduvi hao akamlea binti yake Mastura mpaka akamwoza.

Mwaka juzi Mwatumu ndiye aliyewakusanya wanawake wenziwe wakaenda shambani kulalamika. Ajabu, meneja akasikia. Yakachimbwa mabwawa ya kutuliza na kuchuja maji kabla ya kuachiwa mtoni. Hori likatakata mpaka mtu akaviona vidole vya miguu yake. Vilipigwa vigelegele, ukapikwa ubwabwa wa sadaka, Mwatumu akatuzwa kanga mpya.

Hakuna aliyefikiri kwamba mabwawa huota magugu.

“Yanaota vibaya, maana takataka za mkonge ni mbolea,” anasema Zebedayo, Mbondei wa Muheza anayebeba bomba la dawa shambani. Amekuja kumwamkia Mwatumu, “Shikamoo, mama,” na tangu aitikiwe macho yake yako chini. “Magugu yanaziba mifereji, natumwa kupiga dawa ya kuyaua. Yanakauka, na maji yanabaki yanapendeza. Lakini dawa haichujiki. Tope linatua, dawa inakwenda na maji. Vyura wa bwawani walitangulia kufa. Nikasema. Nikaambiwa hii inaua majani tu.”

Huku horini zilianza nyasi za baharini kugeuka manjano. Ukafuata utelezi wa kijani kwenye mizizi ya mikoko, ambao ndio chakula cha uduvi; ukabanduka wote. Kisha samaki wachanga wakaelea matumbo juu. Mwisho wakawa uduvi wenyewe. Inauma kuandika, lakini hori hili halijapata kupendeza hivi, wala kuwa tupu hivi.

Mwatumu alirudi kwa meneja. Bwana yule alichota maji kwa bilauri, akaiinua juani.

“Yanang'aa. Si ndiyo mliyoyataka?”

“Nikageuka, nikashuka zangu,” anasimulia Mwatumu. “Maana ndiyo niliyoyataka, wallahi.”

Ukingoni anapita Asmahani, kapu la maandazi kichwani. Siku hizi anauza maandazi mjini, na mara nyingi hurudi nayo. Anaulizwa habari za mwenzake.

“Tulikuwa na uvundo na kitoweo,” anajibu, bila kupunguza mwendo. “Mwatumu katuondolea vyote viwili.”

Mwatumu amesikia. Anafungua kaniki mkokoni, anaikamua taratibu, kisha anaikamua tena ingawa haina maji. Kesho, anasema, atapanda tena shambani.

“Nitamwomba bwana ayafukie mabwawa yake, anirudishie uchafu wangu. Unanuka, najua. Lakini tulikuwa tunaishi nao, sisi na uduvi.”

Hatarajii kusikilizwa, na halifichi hilo. Mara ya kwanza alikwenda na wanawake wa kijiji kizima.

“Na kesho utafuatana na nani?” anaulizwa.

Anautazama ule mkoko wake. Majani ya chini yameanza kuwa manjano.