Mabati ya Simiti

Juzi nilikuwa napita Nyali, mbele ya nyumba mpya ya wenye nacho, mafundi wanakata vigae vya paa kwa mashine. Vumbi jeupe likavuka ukuta, likanijia puani na ile harufu yake kavu ya mawe yaliyosagwa. Nikajifunika leso usoni nikavuka barabara mbio, mtu mzima mimi, hata mlinzi wa geti akacheka. Acha acheke. Ninyi nitawaambia kwa nini nilikimbia.

Nyumba yetu ya Kisauni iliezekwa makuti mpaka nilipofika miaka tisa. Makuti yana baridi yake nzuri, hilo sikatai, lakini kila masika mvua ilitukuta mahali papya, tukawa tunahamisha vitanda usingizi bado uko machoni. Panya nao walizaana humo kwa raha zao. Kisha nyumba ya tatu kutoka kwetu ikashika moto kwa cheche za jiko, ikaisha kabla watu hawajapanga foleni ya ndoo. Baba akaapa kwamba hataezeka makuti tena maishani mwake.

"Basi mabati, kama watu wote," mama akasema.

Baba akamwonyesha paa la jirani yetu, lililopigwa mabati miaka michache tu nyuma. Hewa ya chumvi ilikuwa imeyala. Ukisimama sebuleni kwake ulihesabu mbingu kwa vitundu. Baba alikuwa mtu wa vitu vya kudumu. Viatu vyake vilidumu, baiskeli yake ilidumu, hata ugomvi wake na shemeji zake ulidumu.

Wakati huo alikuwa kibarua Changamwe, na walikuwa wanabomoa godauni kuukuu. Msimamizi akawaruhusu kubeba vipande vya paa, vya kijivu, vizito, vyenye mawimbi. Sisi tuliviita mabati ya simiti. Kama vina jina jingine hatukulijua. Baba alivishusha uani, akagonga kimoja kwa kifundo cha kidole, akatutazama kwa furaha ambayo hata leo naiona.

"Hili halina kutu, halina mchwa, halishiki moto," alisema. "Nitakufa nitaliacha hapo juu."

Mama akamwambia asijitabirie.

Fundi Karisa, aliyekuja kuimarisha mbao za paa kwa ajili ya ule uzito, alikuwa amewahi kuyakata mabati hayo. Akasema, "Kabla hujatia msumeno, Mzee, lirowe maji kwanza. Vumbi lake baya, lakwangua koo."

Baba akaniita. Nikaitika, "Abee, baba."

"Chukua mtungi ukateke maji pale kioski. Twakungoja wewe."

Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na pembeni wasichana wa darasa letu walikuwa wanacheza kati, wamepungukiwa mmoja. Nikaacha mtungi wangu kwenye foleni, nikaingia. Mtanisamehe, nilikuwa hodari wa kukwepa mpira, na mtoto akisifiwa husahau kwao. Nilipokumbuka, mtungi wangu ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho kabisa. Nikahofu kipigo. Nikaubeba mtupu mpaka nyumbani.

"Maji yamekatika," nikasema.

Kisauni hakuna anayeuliza neno hilo mara mbili. Maji yalikuwa yakikatika kila wiki, na mimi niliijua hata sura ya kuvaa wakati wa kulisema. Baba akatazama mawingu, akatazama nyumba iliyo wazi kichwani. Fundi alikuwa na kazi kwingine kesho yake.

"Basi tukate hivyo hivyo," baba akasema.

Fundi akajifunga shati mdomoni. Baba hakujifunga kitu. Alisema kitambaa kinamziba pumzi. Alikata mchana kutwa kwa msumeno wa mkono, nami nikapewa ufagio. Alipomaliza alikuwa mweupe mpaka kope, tukamcheka, tukamwamkia, "Shikamoo, babu!" Naye akaitikia "marahaba" kwa sauti ya kizee, akakohoa, akacheka tena. Usiku ule ilinyesha, na kwa mara ya kwanza tulilala bila kuhamisha kitanda.

Kikohozi chenyewe kilikuja nami nimeshakuwa na watoto. Hospitali wakamtibu baba kifua kikuu, miezi kwa miezi, bila nafuu. Mwisho daktari mmoja akamwuliza amefanya kazi gani tangu ujana, na hapo ndipo niliposikia jina la mabati yale: asbesto. Alituambia vumbi lake huingia mapafuni likakaa humo miaka na miaka.

Nilimfuata daktari nje. "Na kama yangerowa maji?"

"Ingesaidia," alisema. "Lakini amebomoa na godauni. Hakuna atakayekwambia ni vumbi la siku gani."

Alidhani amenituliza. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba uongo ukishakubaliwa umekwisha, kama deni lililosamehewa. Sikujua kwamba unaweza kukaa ndani ya mtu mwingine, ukamla taratibu, naye akikununulia viatu vya shule.

Nilimwambia baba wiki yake ya mwisho, amelala chini ya paa lile lile, mbavu zikipanda na kushuka kwa taabu. Nilimweleza yote: foleni, mpira, mtungi mtupu. Akauliza, pumzi moja kwa kila neno,

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza?"

"Ndiyo, baba."

"Mlishinda?"

Sikumbuki. Mpaka leo najaribu kukumbuka na sikumbuki.

"Tulishinda, baba," nikamwambia, naye akaamini, kama alivyoniamini siku ile.